Walisema Anatimiza Masharti

Kuna asubuhi moja haijanitoka kichwani, mwanangu unayenisoma. Mume wangu, Baba Kabula, alitoka nyumbani kwetu hapa Kagongwa kwa miguu yake mwenyewe, akarudi amepakiwa kwenye pikipiki, kabanwa katikati ya dereva na jirani mmoja, kama gunia la mpunga linalopelekwa mashineni. Nikajua ameanguka njiani. Nikatupa ufagio nikakimbilia getini.

"Shikamoo mama," dereva akasema, uso wote unacheka. "Tumekuletea mzee."

"Marahaba. Kapatwa na nini?"

"Hajapatwa na kitu. Tumemkuta anatembea. Bosi mzima anatembea kwa miguu, na sisi tupo! Tukasema hapana, haiwezekani."

Wakamshusha, wakampigia saluti, wakaondoka wamefurahi. Baba Kabula alisubiri mpaka mlio wa pikipiki ukapotea. Kisha akaniambia, "Nilikuwa nimebakiza kidogo tu nifike tangini," na machozi yakamtoka. Mtu aliyewahi kushuka kwenye mashimo marefu ya dhahabu bila kutetemeka, analia getini kwake kwa sababu amepewa lifti.

Naandika nikiwa na hasira, nakwambia mapema. Wengine wakikupa nasaha wanaanza kwa kukupapasa kichwa. Mimi elimu yangu ni darasa la saba, sijui kuremba. Nimefiwa, na waliochangia msiba wangu ni watu wema. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana mtu mbaya ungejua pa kumshika.

Baba Kabula alikuwa amepigwa na kiharusi. Mdomo ulipinda, mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Aliporuhusiwa kutoka hospitali, daktari, binti mdogo wa umri wa Kabula wetu, alimwambia hivi: "Mzee, vidonge utameza, chumvi utapunguza. Lakini utembee kila asubuhi. Kidogo tu, usishindane na mtu. Ila usiruke siku."

Basi akachagua tangi la maji, lile kubwa lililo juu kidogo ya mashine za kukoboa mpunga. Kwa mtu mwenye afya ni mwendo wa kuchemsha chai na kuinywa. Kwake yeye mwanzoni ilikuwa safari. Anafika tangini, anaegemea ukuta wake, anapumzika, anarudi. Kesho tena, hapo hapo. Mimi nilikuwa namwona kutoka mlangoni anavyoburuta ule mguu, na baada ya miezi kadhaa niliona kwamba haburuti tena, anaunyanyua. Akaanza kufunga vifungo vya shati mwenyewe. Siku ya kwanza alipofunga mpaka cha shingoni alikuja jikoni kunionyesha, na mimi nikajifanya sijaona kitu cha ajabu, nisije nikalia mbele ya sufuria.

Binti yetu Kabula, anayefanya biashara ya dagaa huko Chato, alikuwa na wasiwasi kwa kuwa yuko mbali. Akamfungulia baba yake blogu kwenye simu. Akamwambia, "Baba, ukifika tangini andika mistari miwili mitatu, ili huku nijue umefika." Na yeye akaandika. Alikuwa anaandika akiwa ameegemea lile tangi, kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia. Hayakuwa maneno makubwa. "Leo nimefika. Bomba la chini linavuja, nimemwambia fundi." "Leo nimefika. Mguu mzito, roho nyepesi." "Leo nimefika nimelowa. Mama Kabula atanigombeza." Nilimgombeza kweli. Waliokuwa wanasoma ni Kabula, na mwalimu mmoja mstaafu wa Ushirombo ambaye yeye alikuwa na kisukari. Yule mwalimu akawa anajibu, "Na mimi leo nimefika kanisani na kurudi." Hawakuwahi kuonana. Kila asubuhi walisubiriana.

Sasa nikueleze watu wetu, mwanangu, kwa sababu na wewe ni wa hapa.

Mimi na Baba Kabula tulikutana machimboni upande wa Geita tukiwa vijana. Yeye anachimba, mimi napikia wachimbaji. Huko tulifundishwa maisha kwa namna moja tu. Ukisikia mahali fulani dhahabu imetoka, ile wanayoita rasha, basi wote mnakimbia. Nilishawahi kubaki na sufuria la wali kwenye moto na hakuna hata mtu mmoja wa kuula, wote wamepanda lori. Wanaacha mashimo yamefika nusu, mvua inajaa humo, mbuzi wa watu wanazama. Asubuhi mlikuwa maskini wote, jioni mwenzako anaitwa bosi. Hivyo ndivyo tulivyokua. Tunaelewa kitu kinachokuja kwa kishindo. Mtu akipata ghafla, tunasema ana bahati, au kaenda kwa mganga akapewa masharti, na mengine ni masharti ya ajabu: usioge, ulale chini, uzunguke mti fulani kabla jua halijachomoza. Lakini mtu anayefanya kitu kidogo kile kile kila siku, na hakuna anayekiona kinachomjia, huyo hatumwelewi kabisa.

Baba Kabula aliwahi kumiliki mashimo ya dhahabu, ndiyo maana hata baada ya kurudi hapa na kufungua mashine ya mpunga waliendelea kumwita bosi. Bosi haendi kwa miguu. Kwanza walisema kafilisika. Walipoona mashine bado inanguruma, wakasema kaenda kwa mganga. Si anaamka kila siku saa ile ile? Si anakwenda mahali pale pale, anagusa tangi, anarudi bila kununua wala kuuza? Kuna mwanamke aliniuliza sokoni bila aibu, huku anachagua nyanya, "Mama Kabula, hayo masharti yanaisha lini?" Na ile simu ndiyo ikawa balaa. Wakasema kule tangini anaandika majina ya watu wa kuwaroga. Na lile ni tangi la maji tunayokunywa wote.

Kila mmoja wao alikuwa na simu yenye bando. Hakuna hata mmoja aliyefungua kusoma.

Maneno yakamfikia kaka yake mkubwa, Mzee Masunga, ambaye ni mzee wa kanisa. Jumapili moja baada ya ibada akaja na ndugu wengine, wakajaa sebuleni. Nikawapa chai.

"Mdogo wangu," Mzee Masunga akasema, "unakwenda wapi kila asubuhi?"

"Tangini."

"Kufanya nini?"

"Kurudi."

Vijana wakacheka. Kaka yake hakucheka. "Mimi nasemwa kanisani. Ndugu yangu anazunguka matangi. Unajua eneo hili mtu akisemwa hivyo yanaishia wapi?"

"Kaka, natembea ili nisife."

"Utakufa kwa kutembea! Mgonjwa anapumzika. Au sisi hatupo? Watu watasema nini, kwamba tumeshindwa kumtunza?"

Nikaweka birika chini. Nikasema, "Shemeji, daktari ndiye aliyemwambia. Mwaka jana huyu nilikuwa namvalisha mimi. Leo kavaa mwenyewe. Mtazameni."

"Shemeji, tunakuheshimu," akanijibu, "lakini wapo wanaosema ni wewe unayemswaga kama ng'ombe ili afe haraka."

Hakuna aliyemkanya. Waliendelea kunywa chai yangu.

Baba Kabula angeweza kuwafukuza watu wote duniani, ila siyo kaka aliyemlea. Akainamisha kichwa, akasema, "Nimesikia." Kesho yake ikaletwa pikipiki na kijana wa kumwendesha. Ikawa anabebwa asubuhi kupelekwa mashineni, anawekwa kwenye kiti cha plastiki chenye mto. Kila anayepita anamletea kitu: soda, nyama ya kuchoma, mihogo ya kukaanga. Akitaka kunyanyuka tu, watu wawili wamesimama: "Kaa bosi, kaa, unataka nini tukuletee?" Alitunzwa, mwanangu. Alitunzwa mpaka mguu ukaanza kuburuta upya. Vifungo vya shati nikaanza kumfunga mimi.

Kwenye blogu alikuwa bado anaandika. Aliandika, "Leo sijafika." Kesho yake, "Leo sijafika." Yule mwalimu wa Ushirombo alimuuliza, "Ndugu yangu, kuna nini?" Akajibu, "Napendwa." Halafu akaacha kuandika.

Kiharusi cha pili kilimkuta pale pale kwenye kiti, mchana, watu wamemzunguka. Hatukumfikisha hospitali.

Nisiseme nisichoambiwa. Hakuna daktari aliyeniambia kwamba kukaa ndiko kulikomuua. Inawezekana angekufa hata kama angetembea mpaka Isaka kila siku. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nalala naye. Najua alivyokuwa alipotembea, na najua alivyokuwa alipokalishwa. Siku ya mazishi wakasimama mmoja mmoja kusema, "Tulimtunza mzee wetu hadi mwisho." Nilikaa kwenye mkeka, nimejifunika kitenge, sikutoa hata sauti. Wakasema mjane ana subira. Nilikuwa nauma meno nisije nikapiga kelele ambayo isingekoma.

Baada ya matanga akaja Shija, mtoto wa Mzee Masunga, kijana wa mjini Kahama mwenye ukurasa wa mazoezi kwenye simu. Huyo Shija kila Januari anatangaza anaanza upya, anapiga picha kwenye kioo, anaandika maneno ya kututia moyo sisi wengine, na kabla mvua hazijaisha kaacha. Alikuja na sura ya mtu mwenye habari njema.

"Shikamoo mama mdogo. Tunataka kumuenzi baba mdogo. Mbio kubwa, kutoka hapa mpaka Geita! Fulana zenye picha yake. Narusha moja kwa moja kwenye ukurasa wangu."

"Marahaba. Jana ulitembea?"

"Jana nilikuwa nahangaikia wadhamini."

"Juzi?"

Akacheka. "Mama mdogo, mbio bado. Mazoezi nitaanza zikikaribia."

"Blogu ya baba yako mdogo umeisoma?"

Akaigeuzageuza simu yake mkononi.

"Baba yako alipokuja hapa kumkataza, na wewe ulikuwepo. Ulikuwa umekaa pale. Ndiwe uliyecheka wa kwanza."

"Mama mdogo, mimi ningesema nini mbele ya wazee?"

"Ungesema, 'Baba mdogo, kesho nakusindikiza.' Basi. Wangesema anatembea na mtoto wake, maneno yangeisha. Unataka kukimbia mpaka Geita kwa ajili ya mtu ambaye hukuweza kumsindikiza mpaka tangini?"

Kijana akainama akawa anatazama viatu vyake, vipya, vyeupe, havijawahi kukanyaga tope. Sikumwonea huruma, na hata leo ninapoandika sijamwonea. Nilimwambia aende na fulana zake. Picha ya mume wangu haitavaliwa siku moja halafu fulana igeuzwe tambara la kudekia sakafu.

Mwanangu, sasa nisikilize, maana nimeyasema yote haya ili nifike hapa.

Ukitaka kuutunza mwili wako, anza na kipande ambacho hata ukiwa umechoka, umefiwa, au mvua inanyesha, bado unakiweza. Kisiwe kikubwa cha kukupa sifa. Kifanye kesho tena. Ukiruka siku, usiitishe mkutano wala usijitangazie mwanzo mpya; amka siku inayofuata uende. Na ukiandika, andika kidogo na andika ukweli, hata kama msomaji wako ni mmoja tu aliye mbali. Ukishindwa andika umeshindwa. Usiandike utakavyokuwa, andika leo ulikuwaje. Mimi naandika hapa hapa kwenye blogu alipokuwa anaandika Baba Kabula, kwa sababu yule mwalimu wa Ushirombo bado anatembea na bado anauliza kama kuna mtu.

Watakucheka, kisha watakutungia sababu. Wanaokuchukia hawatakusumbua sana. Jihadhari na wanaokupenda, watakapokuja na kiti. Mkatalie hata mkubwa wako, kwa heshima zote, ukiwa umesimama. Hili mume wangu hakuliweza, na heshima yake haikumrudishia mguu.

Na hili ndilo ninalokuomba kuliko yote. Siku ukimkuta mtu njiani anafanya kidogo chake, mama mnene anayetembea na raba za mwanawe, mzee anayeburuta mguu, binti anayeandika kwenye simu kwenye kona ya duka, usimpe lifti. Usimwonee huruma, usimtungie hadithi. Kama una nafasi, tembea naye. Kama huna, msalimie upite, umwache amalize.

Mungu akupe asubuhi nyingi zisizo na habari yoyote. Akupe magoti yatakayokubeba mpaka uzeeni, na ulimi wa kusema hapana bila kumvunjia mtu heshima. Na nyumbani kwako awepo mtu atakayekitazama kitanda chako kitupu kila alfajiri, asishtuke, ateleke chai akikusubiri.