Redio ya Mama Kabula haikuwa na kosa

Nimemkosea mwanamke, halafu yeye ndiye akaniomba msamaha, na mimi nikampa. Naanza na hilo ili msinihurumie mapema.

Nina miaka arobaini na sita. Mke wangu alifariki, watoto wako kwao. Nilisoma mpaka darasa la nane, nikajifunza kupiga chapa Tabora, na sasa ni karani wa ofisi moja ya kanisa hapa Shinyanga mjini. Ndugu mhariri wa ukurasa huu, jina langu lifiche. La yule mama nimelibadilisha, nitamwita Mama Kabula.

Ofisini wafadhili walitupa kompyuta, ile ya kioo cheusi na maandishi ya kijani. Hiyo niliijua. Unaiandikia amri, inatii, na amri zote nilikuwa nazo kichwani kama sala. Mimi ndiye niliyemfundisha Mama Kabula, mwenzangu wa ofisini, naye akawa anaandikia nyimbo za Kisukuma. Mabibi walikuwa wanatoka vijijini, wanakaa kwenye benchi wanaimba, yeye anapiga moja kwa moja, daftari hakuna. Bibi mmoja aliuliza, "Hii nayo inasikia Kisukuma?" Mama Kabula akamwambia, "Inasikia, mayu, ila haijibu." Bibi huyo ameshafariki. Kazi yote ya miaka miwili ilikaa kwenye disketi tatu.

Mwaka jana radi ikapiga, mashine ikafa. Ikaletwa nyingine ya aina tofauti kabisa. Kioo cheupe, vipicha vidogo vidogo, mahali pa kuandika amri hakuna. Unasukuma kitu wanakiita kipanya, mshale unatembea kwenye kioo. Mimi nilikisukuma mpaka mwisho wa meza, nikakwama. Mama Kabula akasema, "Kaka, mwinue umrudishe. Hujamfunga plau huyo." Ofisi nzima ilicheka. Na mimi nilicheka, lakini iliniuma. Tangu siku hiyo watu wakawa wanapita kwangu kwenda kuuliza kwake. Mimi sikuuliza. Nikarudi kwenye taipureta yangu pembeni.

Katibu wetu alisema zile disketi zisiguswe mpaka fundi aje kutoka Dar es Salaam, maana mashine mpya haielewi mambo ya ile ya zamani. Mchana mmoja wote wakaenda msibani Kolandoto, nikabaki peke yangu. Nikajisemea, wakirudi watakuta nyimbo ziko kwenye kioo, halafu tuone nani atacheka. Nikachomeka disketi ya kwanza. Likaja swali la Kiingereza, ndani yake kuna neno kama inishalaizi. Sasa sisi makarani inisho tunaijua. Faili likipita kwako unaweka inisho, herufi za mwanzo za jina lako, kuonyesha umeliona. Nikajua mashine inataka nisaini. Nikakubali. Ikakoroma kidogo, kisha ikaniuliza jina. Nikaandika herufi zangu mbili. Nawaambia ukweli, nilifurahi. Nikafanya hivyo zote tatu.

Kufungua, hamna kitu. Kumbe neno lile maana yake ni kuifuta disketi ianze upya. Hilo nilikuja kuambiwa na fundi baadaye, nikimuuliza kama naulizia habari za mtu mwingine.

Waliporudi, Mama Kabula alizikuta disketi mezani kwangu akaniuliza kuna nini. Redio yake ndogo ilikuwa dirishani inaimba, na disketi alizoea kuziweka juu yake. Niliwahi kusikia kwamba spika ina sumaku. Nikasema, "Hazina kitu. Si huwa unaziweka juu ya redio? Sumaku imezila." Ilinitoka mdomoni kama nimeisoma mahali.

Hakulia. Alikwenda akaizima redio. Halafu akasema, "Kaka, wazee wa watu wameimba bure. Na wewe ulinifundisha, nimekuangusha. Nisamehe."

Nikamjibu, "Nimekusamehe, Mama Kabula. Mashine ndivyo zilivyo."

Hakuna aliyemfukuza. Mwenyewe alikataa kushika tena kompyuta, na baada ya mwezi akarudi kwao Kharumwa kulima. Nilimsindikiza stendi. Akanipa ile redio. "Chukua, kaka. Sitaki kuisikia kwangu. Wewe uko peke yako, itakuchangamsha."

Disketi, Katibu alisema zitupwe. Nikasema nitatupa mimi. Ziko kwenye sanduku langu, na herufi zangu ndani yake.

Sasa kompyuta ni yangu. Kipanya nakiendesha vizuri tu, na hakuna wa kunicheka. Mabibi hawaji, benchi lao limepangwa maboksi. Jioni nafungua redio, mtangazaji akisema habari za jioni namjibu nzuri. Ndiye mtu ninayezungumza naye. Mwezi uliopita nilichukua disketi yangu ya barua za ofisi, nikaiweka juu ya redio hiyo wiki nzima ikiwa inaimba. Nikaichomeka. Barua zote zilikuwepo.

Wapo watakaoniambia mambo yamepita, ninyamaze. Hao wasijisumbue. Ninyi wengine nishaurini hili moja tu: nimwambie akiwa peke yake, au mbele ya wale mabibi waliobaki, ambao wanamwona yeye ndiye aliyepoteza nyimbo zao?

Ruhusa nimeshaomba. Jumamosi ya kabla ya Pasaka nitapanda basi la Kahama, na hapo nitafute gari la Kharumwa. Nitabeba redio, mawe yake mapya manne ya betri, disketi tatu na daftari tupu, ili nikitoka kwake niwapitie mabibi waliobaki, na wakikubali kuimba tena niandike kwa mkono wangu. Nikifika mlangoni kwake, kabla sijakaribishwa kiti, nitamwambia: Mama Kabula, redio yako haikufuta kitu. Nilifuta mimi. Ule msamaha niliokupa, naurudisha.