Risasi Nyeupe, Nyota Nyeupe

Mashtaka dhidi yangu yalikuwa mafupi: kwamba kila alasiri, katika kibanda changu cha kutengeneza redio pale Salama, kando ya barabara ya Mombasa, nilikuwa ninawapiga malaika risasi.

Aliyeyapeleka kwa wazee wa kanisa alikuwa jirani yangu wa upande wa kulia, mama aliyeuza nyanya na vitunguu. Hakuwa mwongo. Siku moja alikuja kuchukua redio yake, akasimama mlangoni na kutazama televisheni yangu ndogo. Aliona viumbe vyeupe vyenye mabawa vikishuka kutoka juu kwa safu, na chini yao chombo kidogo kikivitungua kimoja kimoja. Chombo hicho nilikiendesha mimi.

"Fundi," akasema, "hao wanaoshuka ni akina nani?"

"Ni adui, mwaitu," nikajibu, nikimwita mama kwa Kikamba.

"Adui gani wanatoka mbinguni?"

Swali lilikuwa zuri, lakini safu nyingine ilikuwa inashuka. "Ngoja kidogo," nikamwambia, "nitakufa." Akaondoka bila redio.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka thelathini na minne. Mashine ya mchezo wa video ililetwa kwangu na dereva wa lori aliyekuwa akishuka Mombasa, ikiwa haiwaki. Niliifungua, nikasafisha kwa spiriti meno ya shaba ya kaseti yenye mchezo, ikawaka. Aliporudi alicheka tu. Alikuwa amewanunulia watoto wake nyingine. "Kaa nayo, fundi. Umeifufua, ni yako."

Niliiunganisha na televisheni yangu, ambayo ilitumia betri ya gari kwa sababu stima ilikuwa haijafika upande wetu wa barabara.

Nilisoma hadi darasa la saba huko Migwani, kisha basi. Yote niliyojua kuhusu redio nilijifunza kwa kuzifungua, kuandika nilichoona, na kurudia mpaka nilichoandika kikawa kweli. Mchezo nao niliutendea hivyo hivyo. Nilichukua daftari, nikagawa ukurasa kwa mstari: kushoto ubora, kulia udhaifu.

Ubora wa kwanza ulikuwa kwamba mchezo haukudanganya. Anga ilisogea yenyewe, polepole, isikungoje wala kukuruhusu kurudi nyuma, lakini kila kitu kilitokea mahali pake kila mara. Safu iliyotoka kushoto leo ilitoka kushoto kesho. Aliyekufa alikufa kwa kutojua, na kutojua kuna dawa. Ubora wa pili niliugundua baada ya majaribio ya wiki mbili. Chombo kilionekana kipana, lakini sehemu iliyoweza kuuawa ilikuwa ya katikati tu. Risasi ingeweza kupita juu ya bawa bila madhara. Nililijaribu jambo hilo mara ishirini kabla ya kuliandika. Aliyeutengeneza mchezo, popote alipokuwa, alikuwa na huruma, na aliificha.

Udhaifu nao sikuufunika. Ukifa, ulinyang'anywa silaha zote ulizokusanya, ukarudishwa na bunduki ya kwanza mbele ya adui wale wale waliokushinda ukiwa na silaha kamili. Viumbe vikizidi, mashine ilielemewa, ikajikokota kama punda aliyezidishiwa mitungi ya maji, na baadhi ya viumbe vikawa vinapotea na kurudi. Wimbo ulikuwa mmoja, mfupi, na ulizunguka mpaka nikauzima. Lakini udhaifu niliouchorea mistari miwili ulikuwa huu: risasi za adui zilikuwa vitone vyeupe, na nyota zilikuwa vitone vyeupe. Usingeweza kujua kipi kinakupita na kipi kinakuua. Niliandika: "Huu ni uonevu."

Katika kanisa letu, mshirika akishtakiwa, kamati humsikiliza. Akipatikana na kosa, husimama mbele ya watu Jumapili ya kwanza ya mwezi na kutubu. Akikataa, huketi benchi la nyuma, karibu na mlango. Hashiriki meza ya Bwana, na kama yuko kwenye kwaya, anaondolewa. Mimi niliimba besi. Tulikuwa wawili tu wenye besi, na mwenzangu alikuwa mgonjwa wa kifua. Wiki nzima niliinama juu ya nyaya kwa ajili ya saa ile moja ya Jumapili. Hicho ndicho kitu ambacho kamati ingeweza kuninyang'anya, na walikijua.

Nilisema jambo moja: waje waone kwanza. Walikuja Jumamosi alasiri, mwenyekiti wa kamati na wazee wawili. Mmoja wa wazee hao alikuwa amepigana Burma ujanani.

"Zima hiyo kitu kwanza, tuombe," mwenyekiti akasema.

Tukaomba. Kisha nikawasha, na mzee wa Burma akanyoosha mkono apewe vidude vya kuchezea. Akafa. Akafa tena. Nikawaeleza kwamba si kosa lake, risasi za mchezo huu hazionekani kati ya nyota. Mara ya tatu akainua kichwa.

"Huyu anayeendesha chombo, wenzake wako wapi?"

"Yuko peke yake, mzee."

"Peke yake? Nani alimtuma?"

"Mchezo hausemi."

"Na analinda nini?"

"Hilo pia hausemi."

"Aa. Basi huyu si askari. Huyu amepotea njia."

Niliandika maneno yake kwenye upande wa kulia. Miezi minne nilikuwa nimeuchunguza mchezo ule, na udhaifu huo mkubwa sikuwa nimeuona.

Mwenyekiti alinitazama nikiandika. "Na ukiwamaliza wote?"

"Unarudishwa mwanzo. Wanakuja tena, upesi zaidi."

"Kwa hivyo hauna mwisho."

"Hauna."

"Hakuna kushinda."

"Hakuna."

"Basi umejihukumu mwenyewe, ndugu. Jumapili simama useme hayo hayo, tumalize."

"Nitasema una udhaifu. Sitasema ni dhambi."

"Tofauti ni gani?"

"Baiskeli yako haina breki ya nyuma, mwenyekiti. Huo ni udhaifu. Sijakusikia ukiitubia."

Mzee wa Burma alicheka mpaka akakohoa. Mwenyekiti hakucheka. Jumapili iliyofuata niliketi benchi la nyuma.

Benchi lile halikuwa na egemeo. Tulikuwa watatu: mwanamume aliyeoa mke wa pili, msichana aliyepata mimba, na mimi niliyepiga malaika. Wimbo wa kwanza ulipoanza, niliimba besi kutoka pale nilipokuwa. Baada ya ibada nililetewa ujumbe kwamba walio chini ya nidhamu huimba sauti ya kawaida, si ya kwaya. Jumapili iliyofuata niliimba besi tena. Hakuna mahali katika kanuni zao palipoandikwa sauti ya mtu ikae wapi. Nilikuwa nimezisoma zote.

Jirani yangu alianza kunionea huruma. "Fundi, si useme tu neno moja urudi? Nyimbo zimekuwa nyembamba."

"Neno lenyewe si kweli, mwaitu."

"Ukweli wako utakuzeesha kwenye mlango."

Niliendelea kucheza, mlango ukiwa wazi.

Mwezi wa tano wa adhabu yangu niliitwa Kambu, kwenye hoteli moja ya barabarani, kutengeneza televisheni ya rangi. Nilibeba mashine ya mchezo ili kupima picha. Kazi ilipokwisha niliwasha, na nikabaki nimeshika vidude bila kucheza. Anga ilikuwa buluu iliyokoza. Nyota zilikuwa nyeupe. Risasi za adui zilikuwa nyekundu kama pilipili iliyoiva, na mtu asingeweza kuzikosa hata akiwa amekaa upande wa pili wa chumba. Viumbe vyenye mabawa vilikuwa vya kijani, kijani cha panzi.

Uonevu niliouandika haukuwa wa mchezo. Ulikuwa wa televisheni yangu, iliyopaka kila kitu rangi moja, nami nikaiamini.

Nilifuta udhaifu ule wenye mistari miwili siku hiyo hiyo. Lakini nilikuwa nimeutaja udhaifu ule mbele ya kamati, na kosa lililosemwa mbele ya watu halisahihishwi kwa penseli. Jumapili ya kwanza ya mwezi, mwenyekiti akauliza kama ilivyo desturi: "Kuna mtu huko nyuma mwenye neno?"

Nikasimama. Watu waligeuka wote.

"Nina sahihisho," nikasema. "Nilisema risasi za mchezo ule hazionekani. Zinaonekana. Ni nyekundu. Nilihukumu kabla ya kuona rangi, na hilo lilikuwa kosa langu."

Jirani yangu akauliza kutoka benchi la akina mama: "Na wale malaika?"

"Ni kijani, mwaitu. Kama panzi."

Kicheko kilianzia kwa vijana kikaenea. Mwenyekiti aliinua mkono, lakini uso wake ulikuwa umelegea. "Basi jambo limeisha," akasema. "Hawakuwa malaika. Sema kwamba ungekuwa umekosa kama wangekuwa weupe, na urudi kwaya leo."

Njia ya kulimaliza jambo bila aibu ilikuwa imefunguka kwake kama ilivyofunguka kwangu. Niliona hivyo. Niliona pia nafasi yangu tupu mbele, karibu na yule mwenzangu mgonjwa wa kifua.

"Hata wangekuwa weupe, mwenyekiti, nisingetubu. Ni mwanga kwenye kioo cha televisheni."

"Basi kaa."

Nikakaa. Wimbo uliofuata ulikuwa na besi nzito kuanzia ubeti wa pili. Niliuimba wote, kutoka mlangoni.