Pipa la Kwenye Kioo

Mama yangu alikuwa na pipa moja la bati, lililowahi kuwa la mafuta ya trekta kabla ya kuoshwa kwa majivu na maji ya moto hata harufu ikaisha. Lilikaa chumbani kwake huko Ndalu, nyuma ya kitanda, na kifuniko chake kilikuwa kizito, sisi watoto tulikifungua wawili wawili, tena kwa ruhusa. Ndani mlikuwa na mbegu: mahindi yaliyochaguliwa gunzi kwa gunzi, maharagwe, wimbi. Juu ya mbegu aliweka vitu ambavyo hakutaka vishikwe na kila mtu, leso mpya, vyeti vyetu vya ubatizo, sabuni ya wageni. Panya wa kwetu walikuwa wakali, walitafuna hata pembe za Biblia, lakini pipa hawakuliweza. Akiba haiozi, mama alisema kila alipolifunika.

Nalitaja pipa hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari yangu hucheka kabla sijamaliza. Wacheke, lakini kwanza walijue.

Miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa Kitale, katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ofisi. Mwenye duka alikuwa Singasinga aliyezaliwa papo hapo mjini, mtu wa kilemba safi na subira fupi, na sote tulimwita Mzee. Chumbani tulikuwa wawili, mimi na mama mmoja wa Bungoma aliyenizidi umri na kasi. Yeye alikuwa ametoka kwenye taipureta, na hata kwenye kompyuta alizigonga herufi kana kwamba zina deni lake. Tulichapa mitihani ya shule, kadi za harusi, ratiba za mazishi. Kompyuta zetu mbili tulizijua kama tulivyojua njia ya chooni gizani: ukiwasha, visanduku vidogo vinajipanga katikati ya kioo, kila kimoja mahali pake, nawe unaingia kwenye kazi yako bila kuwaza.

Halafu siku moja akaja bwana mmoja kutoka Eldoret, amevaa tai na kubeba mkoba uliojaa disketi. Mzee alikuwa ameambiwa kwamba wenzake wote wenye biashara wanabadilisha, naye hakupenda kuachwa nyuma. Yule bwana alishinda siku nzima akiingiza disketi na kutoa, na jioni akatuita tuje tuone sura mpya.

Tuliona rangi ya samawati iliyokolea, tupu, na vipicha vichache vimejibanza upande wa kushoto. Mzee akasogea karibu na kioo.

"Hii ni ukuta," akasema. "Mimi nimenunua ukuta?"

Yule bwana akacheka kwa adabu, akamwonyesha vipicha. Cha kwanza kilikuwa na maandishi ya Kiingereza yaliyosema hii ni kompyuta yangu. Mzee akainama, akasoma, kisha akainuka na kututazama mmoja mmoja.

"Yangu ya nani?" akauliza. "Nani ameandika hapa yangu? Mimi ndiyo nimelipa."

Ilichukua muda kumtuliza, na kilichomtuliza hakikuwa maelezo. Ilikuwa saa. Pembeni chini, kulia, palikuwa na saa ndogo inayokwenda yenyewe, na Mzee alipoiona alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kuanzia kesho yake hatukuweza tena kusema tumechelewa kwa sababu saa ya ukutani inakimbia.

Mwenzangu hakutulizwa na chochote. Alikaa kitini pake, akatafuta ile programu yake ya kuchapia, asiione, akakunja mikono.

"Iko wapi ire ya zamani?" akamuuliza yule bwana kwa matamshi yake ya kwao.

"Ni ile ile, mama. Imehama tu. Bonyeza hapa chini, itapanda."

"Kwa nini ihame? Ni nani ariomba ihame?" Kisha akanigeukia mimi. "Hii ni kama mkamwana aingie jikoni kwangu, ahamishe mafiga, arafu aniambie ati nipike tu, moto ni ure ure."

Nilicheka, na nilimcheka kwa majivuno, maana mimi nilikuwa kijana na niliipenda sura ile mpya. Nilipenda jinsi unavyoweza kukamata kitu kwa kile kipanya cha mezani, ukakiburuta, ukakiacha pengine. Nilipenda kwamba kioo sasa kilikuwa kama meza. Wiki nzima mwenzangu alikuwa akiapa na kunung'unika, nami nikimfundisha, tena kwa sauti ya juu kidogo ili Mzee asikie. Mazoea yana taabu, nilimwambia. Sikujua taabu ya mazoea yangu mimi ilikuwa imekaa wapi.

Miongoni mwa vipicha vile kulikuwa na kimoja kilichofanana na chombo cha mviringo, wazi juu. Mwenzangu aliuliza ni nini. Yule bwana, kwa kuwa alikuwa anatufundisha kwa Kiswahili ili tuelewe sote, akasema, "Hilo ni pipa. Kitu ukiweka hapo hakipotei. Ukikitaka unakirudisha."

Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza. Na Kiingereza kilichoandikwa chini ya picha kilisema kitu kama pipa la kutumia tena. Neno lenyewe la Kiingereza, bin, nililijua: ndilo lililotumika pale Kitale kwa yale matangi makubwa ya kuhifadhia mahindi. Mji mzima uliishi kwa mapipa. Niambie, mtoto wa Ndalu aelewe nini?

Nami nilikuwa na kitu cha kuweka.

Tangu mwaka uliotangulia nilikuwa nikienda nyumbani mwisho wa mwezi. Nilishuka Kiminini, nikangoja gari la Ndalu, na nikifika nilimkuta mama akipukuchua mahindi. Nilikaa naye tukapukuchua pamoja, naye akasimulia. Alisimulia kwa Kibukusu habari za nyumbani kwao upande wa Bungoma, za kazi katika mashamba ya Wazungu, za namna walivyopata ardhi Ndalu, za ng'ombe aliyekataa kuvuka mto. Nikirudi Kitale nilitumia saa ya chakula kuyachapa kwa Kiswahili. Mzee alikubali, mradi nisiguse karatasi. Alisema Krismasi ikifika ataniruhusu nichape nakala moja. Disketi ya kutoka nje hakutaka kuiona, kwa kuogopa virusi. Kwa hiyo hadithi za mama zilikaa mle ndani ya mashine tu.

Mama hakujua kusoma, lakini nilipomwambia ninachofanya alifurahi kuliko nilivyotarajia. Akaenda akawaambia wamama wa kanisani kwamba maneno yake yatakuwa kitabu, na Krismasi nitakuja kuwasomea. Nilipata habari hizo kwa watu wengine. Hapo nikajua sina njia ya kurudi nyuma, na kusema kweli sikuitaka.

Ilipokuja sura mpya, nilizihamishia hadithi zangu pipani. Nilikamata faili moja moja, nikaburuta, nikadondosha. Kila mchana niliirudisha ninayoitaka, nikaandika, nikaiweka tena. Nilijaribu kuifungua ikiwa mle mle pipani, ikakataa, ikanionyesha jina na ukubwa wake tu, nami nikazidi kuliamini: hata kifuniko lilikuwa nacho. Mwenzangu asingezisoma, Mzee asingezisoma. Pipa la mama lilizuia panya, na hili langu lilifunguliwa kwa kipanya, nikaona kichekesho hicho kuwa kizuri sana.

Mwezi wa kumi, tukipukuchua, mama akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Kabla yangu, kabla ya kaka zangu, kulikuwa na mtoto. Alifia njiani walipokuwa wakihama kutoka Bungoma kwenda kwenye shamba la Mzungu, na wakamzika pahali pasipo pao, kando ya mto. Alilieleza polepole bila kuacha kupukuchua, na punje zilikuwa zikianguka kwenye karai wakati wote. Alieleza mengi. Mimi nilikuwa nasikiliza kama mpiga chapa, yaani nilikuwa nahesabu ni wapi aya ianzie. Jumatatu nikaandika yote, kurasa nzima, nikaitia pipani juu ya zile nyingine.

Katikati ya Novemba yule bwana wa Eldoret akarudi. Mashine zilikuwa zimeanza kusuasua na Mzee alikuwa amempigia simu kulalamika. Nilikuwa nimetumwa posta. Niliporudi alikuwa anafunga mkoba wake, amefurahi.

"Nimewasafishia," akasema. "Takataka ilikuwa imejaa sana, bana. Sasa itakimbia."

Nilitazama kioo. Pipa lilikuwa tupu. Nilimuuliza amezihamishia wapi, naye hakuelewa swali. Nikauliza tena. Alipoelewa, uso wake ulibadilika, akafungua mkoba, akakaa akajaribu hili na lile mpaka Mzee akaanza kutazama ile saa yake. Hazikupatikana. Alisema samahani, na alikuwa anamaanisha. Lakini pia alisema, "Si nilisema ni pipa?"

"Ulisema," nikajibu.

Mwenzangu alinishika bega, akasema maji yakimwagika hayazoleki. Nilitaka kumpiga. Nilienda nikasimama nyuma ya duka, karibu na maboksi matupu, nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa na wa kumwangukia. Mwenzangu alipokuja kuniita hakunicheka, ingawa nilikuwa nimemcheka wiki nzima juu ya mafiga yake. Alisema tu, "Njoo. Kuna kadi za harusi."

Mwisho wa mwezi nilikwenda Ndalu kumwambia mama. Njia nzima nilitafuta namna ya kusema kwa Kibukusu kitu ambacho hata kwa Kiswahili hakikuwa na maana. Nilimkuta na karai lake. Nikamweleza: kulikuwa na pipa kwenye kioo, nikaweka hadithi humo, akaja mtu akalimwaga, kwa sababu pipa lile ni la takataka.

Aliacha kupukuchua.

"Hao watu," akasema, "takataka wanaweka kwenye pipa?"

"Ndiyo, mayi."

Kwetu maganda yalitupwa kwenye migomba na majivu yalikwenda chooni. Mama akawaza kidogo.

"Na mbegu wanaweka wapi?"

Nilicheka mpaka nikalia tena. Yeye hakucheka, alikuwa ameuliza kweli. Kisha akanisogezea gunzi, akaanza upya, kwa ng'ombe yule aliyekataa kuvuka mto. Mchana huo na uliofuata alinirudishia karibu zote. Ng'ombe safari hii alikuwa dume, na Mzungu mmoja alikuwa amegeuka kuwa wawili, lakini sikubisha. Nilikuwa na kalamu na karatasi mapajani.

Tulipomaliza nikamwuliza juu ya yule mtoto.

"Hiyo nilikwambia," akasema.

"Imepotea na zile nyingine, mayi."

"Haijapotea. Si wewe ulisikia?"

Akachukua gunzi jingine, nami nilimjua mama yangu, sikumsukuma. Nilirudi Kitale nikakaa mbele ya ule ukuta wa Mzee, nikaandika nilichokumbuka. Mto. Jina la mto sikulishika. Homa iliyoanza asubuhi. Sweta ya kijani aliyozikwa nayo, aliyoifuma mama mwenyewe. Baba akichimba kwa jembe aliloazima. Basi. Yale mengine nilikuwa nimeyaacha pipa liyakumbuke kwa niaba yangu.

Krismasi Mzee alitimiza ahadi yake, tena akaniongezea jalada gumu la bluu kutoka dukani. Niliwasomea wamama baada ya ibada, wakacheka kwenye ng'ombe, wakaguna kwenye Mzungu. Ukurasa wa mtoto niliuruka.

Tulipofika nyumbani mama alikichukua kitabu, akakaa kitandani, akakifunua jani moja moja kwa kidole kilichopasuka. Hakuweza kusoma, lakini aliona. Akafika mahali ambapo maandishi yalikuwa mistari michache na sehemu kubwa iliyobaki nyeupe.

"Hapa mbona pachache?"

"Hapo ni pa yule mtoto," nikasema. "Ndiyo niliyokumbuka."

"Soma."

Nikasoma. Haikuchukua muda. Alikuwa ametazama ukutani, na niliponyamaza aliendelea kutazama huko.

"Haikuwa ya kijani," akasema baadaye. "Ilikuwa ya manjano."

Nikatoa kalamu, nikafuta kijani, nikaandika manjano juu yake. Akaangalia alama hiyo ya kalamu kwa makini, kana kwamba anaisoma. Kisha akainuka, akaniita nimsaidie kifuniko. Tukakiinua wote wawili, akakilaza kitabu juu ya mbegu, akalifunika pipa.