Ngumi ya Bibi wa Peckham

Mimi nina mdomo, sikatai, lakini kilichoniponza safari hii ni kalamu.

Nilikuwa nahudumia bibi mmoja Mbrazili, hapa Peckham, London, aliyepoteza usemi kwa kiharusi. Asubuhi namwogesha, nampikia uji, huku nikirudia sauti yangu ya alto. Kwaya yetu ya Watanzania haisomi noti za mistari. Mwalimu anatuandikia do, re, mi kwa herufi, kila mtu anakwenda kuhangaika nayo kwake. Basi naimba, na kila nikifika do, bibi ananikunjia ngumi. Hee! Nikasema huyu mama kanichoka. Na kwa kuwa ofisi inataka kila kitu kiandikwe, nikaandika kwenye daftari lake: ananitishia ngumi. Wiki moja, mara tatu.

Msimamizi wangu, kaka mmoja Mkenya, akapiga simu. Kama bibi amekuwa mkali, hatuwezi kuendelea kumhudumia nyumbani; itabidi apelekwe makao ya wazee. Akasema atakuja Ijumaa kuamua. Binti yake bibi alilia pale jikoni, akisema mama yake akitolewa nyumba hii hatamaliza mwezi. Niliona haya, ila nikajitetea moyoni: si nimeandika nilichokiona?

Alhamisi nikawa napambana na kipande kigumu. Nikaimba do, ngumi. Nikapanda mi, ngumi ikafunguka, kiganja kikalala. So, kiganja kikageukia kifuani kwake. Nikaacha mwiko sufuriani, nikarudia. Mkono haukukosea hata mara moja.

Nikamwita binti. Akajishika mdomo. Akanieleza kwamba mama yake alipokuwa mtoto, kwao kulikuwa na mtunzi mkubwa wa muziki aliyetaka kila mtoto wa shule aimbe, hata wa maskini. Alikuwa akijaza uwanja mzima watoto, maelfu, akiwaongoza kwa mikono, kila noti na ishara yake. Mama alikuwa safu za nyuma kabisa.

"Hata sisi wanawe alitufundisha hivyo mezani," akasema. "Nami nimesoma neno ngumi, nikaamini."

Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa msimamizi akaja na fomu zake. "Dada, uliandika ngumi. Ngumi ni ngumi."

"Niliandika ujinga, kaka. Kaa utazame." Nikamgeukia bibi. "Bibi, nifundishe."

Akainua mkono, nikaufuata: do, mi, so. Kwenye noti ya la nikateleza, kama kawaida yangu. Mkono ukaganda hewani, ukakataa kuendelea. Nikajaribu mara nne, jasho linanitoka. Ya tano ikakaa. Bibi akacheka kwa sauti, na msimamizi, bila kuombwa na mtu, akaingia na besi. Bibi akamnyooshea kidole: amekosea. Ikabidi naye arudie.

Alipomaliza akavuta daftari, akaikata sentensi yangu kwa mstari mmoja, akaandika chini yake: Abaki nyumbani. Ni mwalimu.