Mchumba Mwenye Miaka Thelathini Kamili

Kaka yangu aligoma kung'olewa jino kwa sababu daktari alimwambia ana miaka ishirini kazini. "Ishirini kamili?" kaka akauliza, shavu limevimba mpaka jicho limefumba. Daktari akajibu, ndiyo, kama ishirini hivi. Kaka akainuka kwenye kiti, akarudi nyumbani na jino lake. Wiki nzima alikunywa supu kwa mrija, na aliyeipika supu hiyo ni mimi dada yake, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Kazi ndiyo iliyomharibu. Ni karani katika idara ya chuo kikuu inayochunguza historia ya uchumi kwa hesabu: wapi shule zilitangulia, wapi utajiri ulifuata, na kama hivyo viwili vinajuana. Watu wa zamani hawakuacha vyeti vya shule, lakini waliacha umri wao kwenye karatasi za sensa. Asiyejua hesabu akiulizwa miaka yake hukadiria: thelathini, arobaini, hamsini na tano. Katika watu kumi hutarajiwa wawili tu ambao umri wao unaishia na sifuri au tano. Wakizidi sana, watafiti husema hapo elimu ilikuwa haba. Kaka huingiza umri huo kwenye kompyuta tangu asubuhi hadi jioni, na anaifanya kazi yake vizuri.

Shida ni kwamba hakuiacha ofisini. Alihama bucha kwa sababu mwenye bucha alisema ana arobaini. Alimnunia jirani aliyetimiza hamsini, tena jirani mwenyewe alikuwa amemwalika kwenye sherehe ya kuitimiza hiyo hamsini. Mtaa ukambandika jina la Mzee Asilimia. Yeye akadhani ni heshima.

Tungecheka maisha yetu yote kama asingekuja mchumba wa binti yake. Kaka alifiwa na mke mtoto akiwa hajaanza shule. Hakuoa tena. Alimlea mwenyewe, hata kusuka alijifunzia kwenye kichwa cha mtoto, mtoto akawa anatoka na mistari ya ajabu mpaka mimi namfunika kitambaa. Hana mtoto mwingine. Sasa binti kapata mtu, fundi wa majokofu, kijana mpole, na anampenda kwelikweli. Kijana alikaa kwenye kochi, magoti kayabana, akaulizwa umri.

"Thelathini, baba."

Kaka akafumba macho kana kwamba katukanwa.

"Baba, ana thelathini kweli," binti akasema. "Cheti cha kuzaliwa hiki hapa."

"Cheti kimeandikwa na mtu, na mtu hukadiria."

"Mwezi wa tatu anatimiza thelathini na moja. Tusubiri?"

"Huko ni kuchakachua data."

Nikadakia, "Kaka, mtu mmoja utampimaje? Si wewe unayesema kipimo kinataka watu wengi?" Nilidhani nimemkamata. Kumbe nimemwonyesha njia.

"Sawasawa," akasema. "Waje kumi, yeye akiwemo. Nitaupima ukoo."

Binti alikuja jikoni kwangu akalia. Alisema baba akikataa ataondoka bila baraka, na akiondoka hivyo harudi. Hakuwa anatania, namjua. Nikaogopa sana, maana ukiniondoa mimi, kaka yangu hana mtu mwingine duniani.

Jumapili wakaja. Kaka alikuwa ameweka meza na kompyuta mlangoni, utadhani tuko mpakani, na kila anayeingia anataja umri wake kwanza. Baba wa kijana: hamsini na tisa. Mama yake: hamsini na tatu. Shangazi akasema arobaini na saba huku akichungulia kiganja chake, kilichoandikwa kwa kalamu. Mjomba mmoja akaanza, "Sitini na...", akakwama, akakanyagwa mguu, akamalizia, "na mbili!" Kijana alikuwa amewapa habari, nao walikuwa wamejifua barabara. Wakapita wanane, sifuri hakuna, tano hakuna.

Kaka akaacha kuandika. "Watu wa kweli huwa na sifuri zao," akasema. "Nyie mmepikwa."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Bado wawili," binti akasema.

Kijana akasogea mezani. Ndugu zake wakamkonyeza adanganye. Akamtazama binti, kisha akamgeukia kaka. "Mimi nina thelathini, baba. Nilishasema."

Akabaki bibi wa kijana, aliyekuwa amesimama muda wote ule na miguu inamuuma.

"Umri, mama?"

"Mia."

"Mama!" baba wa kijana akamaka. "Si tulifanya mazoezi?"

"Nimesema mia. Andika nikae."

Kaka akaandika, akabonyeza. Wawili katika kumi. Thelathini ya kweli, mia ya uongo na wale wanane waliojifua walikuwa wametoa kipimo safi ambacho kaka hajawahi kukiona katika wilaya yoyote. Akakagua. Akawahesabu wageni kwa kidole. Kisha akafunga kompyuta.

"Baba?"

"Sina sababu nyingine," akasema. "Nilikuwa na hii tu."

"Sababu ya nini?"

"Ya kukuzuia." Alisema mbele ya wakwe wote, bila aibu. "Ukienda, mwanangu, mimi nitakaa na nani?"

Nilimwonea huruma mpaka hasira zote zikanitoka. Binti akapiga magoti kando ya kiti chake. "Si ungesema tu, baba? Mimi nilidhani humtaki yeye."

"Simtaki yeyote."

Bibi alikuwa ameshakaa. "Utakaa peke yako," akamwambia kaka. "Huyo kijana ndiye ninayeishi naye. Ndiye anayenichemshia chai kila asubuhi. Unadhani nimekuja hapa kwa furaha? Nimekuja kumtoa. Na wewe mtoe wako."

Kaka akaisukuma kompyuta pembeni. Halafu akamwita kijana, akaushika mkono wa binti, akauweka juu ya mkono wa fundi, akaifumbata yote miwili na hakuiachia. Hakuna aliyemharakisha, hata bibi.