Neno Lililomtoa Wifi Mlangoni

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kwa ubishi hana mpinzani. Marehemu kaka yangu aliniambia siku ile anamwoa, "Huyu ukimwambia nje kuna jua, atatoka kwanza akahakikishe." Nilicheka mpaka machozi. Sikujua kwamba ubishi huohuo ungekuja kunikondesha.

Kaka alipofariki, wifi alibaki na mtoto mmoja, kijana mrefu, mpole, aliyemsaidia kutia vifungo na kupiga pasi. Walikaa bondeni karibu na mto, kwa kuwa ndiko walikopata kiwanja. Mafuriko yalipokuja, kijana alimbeba mama yake mgongoni mpaka juu barabarani, akamketisha kwenye jiwe, kisha akarudi kuchukua cherehani. Cherehani tuliikuta imekwama kwenye tope mlangoni. Yeye tulimtafuta kwa majembe, tukamwita, tukafuata mto hadi miguu ikavimba, na mpaka leo hatujamwona.

Ndipo wakaja vijana wa kanisa kutujengea. Bidii yao siwezi kuisema vibaya, nisije nikalaaniwa bure. Walilala sakafuni kwenye ukumbi wa kanisa, wakiamka wanachanganya zege na kubeba matofali, na nyimbo haziwakauki mdomoni. Kiongozi wao alikuwa kijana seremala ambaye wenzake walimwita Mtumishi, maana aliombea kila kitu, hata misumari. Mabinti wa kundi lake walimtania kwamba siku atakayojigonga kidole ndipo watakapoijua dini yake. Akajigonga kweli, kucha ikawa nyeusi, akasema tu "Bwana asifiwe" akaendelea na kazi. Huyo alikuwa mtu asiyejua kudanganya hata kumwambia mpishi chumvi imetosha.

Mchungaji wao alikuwa amewafundisha wasiingie kwa waliofikwa na msiba kama mabosi. Wamuulize mwenye nyumba anataka nini, wafanye hivyohivyo. Fundisho zuri, silikatai. Basi wakamuuliza wifi wamjengee wapi, naye akanyoosha kidole kule bondeni, kwenye msingi wake wa zamani ambao maji yalikuwa yameuacha.

Nilichemka. Nilimwambia Mtumishi kwamba mto ukishaonja mahali unarudi, na kwamba huku juu kuna eneo la kutosha. Akanisikiliza kwa adabu zote, mikono nyuma, kisha akasema nyumba ni ya mama na mama ameshasema. Nikamgeukia wifi mwenyewe nikijua tutagombana mpaka jioni. Hakubisha hata kidogo, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Akirudi," alisema, "atanitafutia wapi?"

Wakajenga. Siku walipochimba shimo la choo, kati ya nyumba na mto palikuwa na nafasi ya kuanika mashuka ya familia nzima. Walipofika kwenye kuezeka, mto ulikuwa umemega ukingo mpaka nguzo moja ya kamba ya nguo ikainamia maji. Mtumishi aliing'oa, akaichimbia upande mwingine, akaishindilia kwa mguu kimya kimya. Nilimwona akiukagua ule ukingo, kisha akaniona ninamwona, akainama kutafuta nyundo ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Wifi akahamia. Asubuhi nikienda kumjulia hali nilikuta sakafu mpya ina unyevu kama imetoka kupigwa deki, naye akiipangusa kabla sijauliza. Kule mtoni, chini ya maji, mawe yalikuwa yakigongana. Nikinyamaza ili ayasikie, yeye alikanyaga cherehani kwa kasi zaidi. Nilimwambia mambo mengi mabaya siku zile, mdomo wangu hauna breki. Alinikatia vitambaa vya kufutia vyombo, akanipa niende navyo nyumbani.

Siku mto uliporudi, huku kwetu kulikuwa na jua kali, nguo zinakauka kabla hujamaliza kuanika. Mvua ilikuwa imenyesha kule milimani. Mtu wa huko akapiga simu kwamba mto unashuka na miti mizima, tukimbie. Vijana walikuwa juu wakipaua nyumba nyingine, wakaruka chini hata ngazi hawakuitumia. Mimi nilikuwa wa kwanza kufika kwa wifi, nikihema. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yamejaa povu, na hayakuwa na kelele kubwa kama nilivyotegemea. Yalikuwa yanapanda tu.

Nilimvuta mkono. Akashika fremu ya mlango. Nikamvuta tena, nikamtukana, nikamtajia kaka yangu kaburini, nikalia. Mabinti wawili walimshika kiunoni wakashindwa. Alisema sisi twende, yeye atangoja, kwani mwanawe hakuwahi kumwacha yeye. Maji yakapanda kizingiti, yakaingia ndani taratibu, yakaanza kuviinua vipande vya kitambaa vilivyokuwa sakafuni.

Mtumishi akasukuma watu, akaja mpaka usoni pake.

"Mama, amepatikana."

Mikono ya wifi ikalegea.

"Yuko wapi?"

"Kanisani. Anakuuliza wewe."

Alitoka pekupeku. Cherehani hakuigeukia. Sisi tuliokuja kumwokoa alituacha nyuma mlimani, anapanda huku anacheka, anafunga kilemba vizuri, ananiambia niharakishe, nimezeeka lini? Nyuma yetu mabati yalilia mara moja, kisha ukuta. Kila mtu aligeuka kutazama isipokuwa yeye. Mimi nilimtazama Mtumishi. Midomo yake ilikuwa imepauka.

Ukumbini, walikolala waliokimbia maji, wifi alipita mkeka kwa mkeka, akiinama, akiangalia uso mmoja baada ya mwingine. Alipofika mwisho akaanza upya. Mtumishi akapiga magoti katikati ya watu wote, akamwambia ukweli, kwamba alisema vile ili atoke, amsamehe. Tulingoja kilio. Wifi akampangusa matope shavuni kwa ncha ya kanga yake.

"Anaumwa, ndiyo maana hamtaki nimwone," alisema. "Sitamsumbua. Nitasubiri."

Mchungaji alikuja, akakaa naye saa nzima. Alipoondoka, wifi aliniambia mchungaji ni mtu mzuri ila amekatazwa kusema. Sasa wanamjengea nyumba huku juu, palepale nilipotaka mimi, na kanisa limempa cherehani nyingine. Kila asubuhi anasimama njiani kumngoja Mtumishi na kumuuliza mwanawe ameamkaje. Mwanzoni yule kijana alipiga magoti kila mara, akirudia ukweli wake. Wifi alimwinua, akatabasamu. Na chakula akawa hagusi, anasema atakula na mgonjwa wake akipata nafuu. Tulimbembeleza, mimi nikamfokea, akakonda mbele ya macho yetu.

Juzi alimpelekea Mtumishi shati jipya, limepigwa pasi, akaomba amfikishie mwanawe. Nilikuwa nimesimama pale na ndoo. Nilijua atakataa. Yule mtu wa kuombea misumari alilitazama lile shati kwa muda mrefu, kisha akalipokea.

Nilimfuata mpaka nyuma ya rundo la mbao nikiwa tayari kumrarua. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, mbona hii yake inazidi kurefuka? Alikuwa amekaa chini, shati mapajani, hata kuomba haombi.

"Shangazi," alisema, "nenda ukamwangalie."

Nikaenda. Wifi alikuwa anakula. Alimaliza sahani, akaomba nyingine, akafuta mdomo.

Leo asubuhi ameniita nimshikie tepu, anakata suruali. Akapima, akasita, chaki mkononi, akaniuliza kama nadhani mtoto ameongezeka urefu.

Nikamwambia ameongezeka kidogo.