Mke Mwenza wa Bukini

Siku Abedi Kibwana alipoleta habari, tulikuwa sita pale barazani. Mama yangu, Mwanahawa. Bibi Chiku, mama mzaa baba. Mwalimu Jongo, aliyetusomesha Kurani. Bi Tatu, jirani yetu, muuza vitumbua. Mimi Zaituni, miaka saba, nimekalia kinu kilicholazwa. Na Abedi mwenyewe, aliyekwenda vitani, ile Vita ya Pili ya Dunia, pamoja na baba yangu, Sefu Kondo. Juzi mvua ilimnyeshea Mama Devota, yule Mchaga mwenye duka la jumla hapa mtaani, akaanika turubai uani kwangu. Ile harufu ya turubai lililolowa ikaniletea mkoba wa turubai wa Abedi, aliouweka miguuni kwake siku ile. Wenzangu wote wa barazani wameshakufa. Nimebaki mie.

Abedi alisema Mwingereza aliwapeleka Bukini, ndiyo Madagaska ya siku hizi, kumpiga Mfaransa.

“Mfaransa?” Bibi Chiku akashangaa. “Sefu na Mfaransa wamegombania nini?”

Mie mpaka leo sijapata jibu la kumpelekea kaburini.

Meli ilisimama mbali na nchi kavu, alfajiri. Wakateremka kwa wavu wa kamba, buti miguuni, mizigo mgongoni, wakajazana mashuani. Mawimbi yaliwatapisha watu wazima mpaka wakawaita mama zao. Karibu na ufuko mashua ikafunguliwa mbele, wakaambiwa, “Shukeni!” Maji kifuani, risasi zinapiga mluzi.

“Nilimwona akishuka,” alisema Abedi. “Ufukoni sikumwona.”

“Maiti yake uliiona?” akauliza Mwalimu Jongo.

“Sikuiona, Mwalimu. Wakubwa wameandika kwamba amepotea.”

Maiti hakuna, shahidi wa kifo hakuna. Mwalimu angewezaje kumwambia mama akae eda? Hata matanga hayakuwekwa.

“Subiri, binti yangu.”

“Mpaka lini, Mwalimu?”

“Wewe subiri.”

Sasa mie nilishika neno moja tu: amepotea. Nikafurahi! Watoto wa Kariakoo tulikuwa tunapotea sokoni kila siku. Ukipotea, Athumani Debe alizunguka akigonga debe lake, akitaja nguo uliyovaa na jina la mama yako, na kabla ya adhuhuri umeshapatikana, unatafuna muwa wa bure. Kesho yake nikabeba debe letu la maji na mwiko, huyoo, mpaka sokoni.

“Kapotea! Kapotea mtu mzima! Kavaa kaptula ya kaki! Ana pengo la mbele! Mama yake Bibi Chiku!”

“Kapotelea wapi, we mtoto?” akauliza Ndundu, muuza dagaa.

“Bukini!”

Walicheka, jamani, walicheka mpaka wapagazi wakatua magunia.

“Huyo hajapotea, mwanangu, kaoa!” akasema Ndundu. “ Wanawake wa Kibuki nywele mpaka kiunoni. Nani aache hizo arudi kwenu?”

Bi Tatu alinikokota kwa sikio mpaka nyumbani. Maneno yalikuwa yameshatangulia kufika: Mwanahawa kaachwa. Mama akanichapa kwa mwiko ule ule, na yeye ndiye aliyelia zaidi.

Vita ikaisha. Kila ikisikika kwamba meli ya askari imeingia tulikwenda bandarini, na baba hakushuka. Miaka ikapita, Mwalimu Jongo akaja kumwambia mama kwamba sasa sheria inamruhusu akae eda, kisha aolewe. Abedi alikuwa tayari kumwoa, na alikuwa mtu mwema.

“Eda ya nani?” mama akajibu. “Mume wangu mzima. Yuko kwa yule Mbuki wake.”

Tangu hapo hatukupumua. Alimtukana mwanamke yule akifua, alimtukana akipepeta mchele. Akampa na jina, Bi Manywele. Siku ya Idi alikuwa akisonya: “Sijui kampikia nini leo. Pilau hajui, yule!” Sisi tukicheka. Nilidhani ni wivu tu.

Nimezeeka ndipo nikaelewa. Mwenye mke mwenza ana mume aliye hai. Nilikwenda sokoni kumtafuta baba, nikarudi na mwanamke wa kubuniwa, na mama akakubali kuishi naye maisha yake yote, maana hakuwa na kingine cha kushika. Anakata roho, mimi nimemshika mkono, akasema, “Mwambieni Bi Manywele amwachie.” Nikaitikia, nitamwambia.

Abedi alioa kwingine. Matanga ya Sefu Kondo hayajawekwa mpaka leo, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee.

Nilipokosea, nisahihisheni. Huenda aliyesema yale maneno hakuwa Ndundu, huenda ni mdogo wake, Pazi. Huenda siku ile ya barazani mvua ilikuwa inanyesha. Na kama kwenu yuko mtu aliyewahi kufika Bukini, akasikia habari za mwanamke mwenye nywele ndefu aliyeolewa na mgeni mwenye pengo, aje aniambie kwamba haya yote nimekosea. Sitamkasirikia.